Kuchagua bunduki ya kuwinda nyati na wanyama wengine wakubwa: mwongozo kwa anayeanzia Nairobi

Maswali ni yale yale: ninunue .375 au .458? Bolti (komeo la chuma unalolivuta kwa mkono kupakia kila risasi) au mitutu miwili? Darubini ipi? Karibu kila anayeuliza huanza na kaliba (ukubwa wa risasi, ambao majina kama .375 huutaja kwa inchi), jambo ambalo kwa kweli huamuliwa kwa dakika tano, kisha anayapita mambo mawili yanayoamua kama nyati ataanguka au ataingia kichakani na jeraha: bunduki kukukaa sawasawa begani, na risasi ya pili kuingia chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) bila kukwama. Kwa hiyo hapa kaliba imewekwa mahali pake, na hayo mawili yamepewa nafasi kubwa zaidi.

Tuanze na sheria, maana wapo wanaosahau tuko wapi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikuufungua mlango huo. Hakuna leseni ya kuwinda nyati Laikipia wala Narok, na anayekuambia anaweza kukupatia moja anakutafutia jela. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Nairobi anayekwenda kuwinda kwa kibali Tanzania, Namibia, Zimbabwe au Afrika Kusini, au kijana anayejifunza kazi ya mwindaji bingwa upande wa pili wa Namanga.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha kwa bunduki unayoitaka. Cheti hutaja silaha yenyewe. Cha bastola ya kujilinda hakikufungulii mlango wa kununua .416. Usiweke amana dukani kabla suala hili halijanyooka.
- Jina la nchi unakokwenda na orodha ya wanyama walio kwenye kibali chako, kwa maandishi kutoka kwa kampuni inayokupeleka.
- Kibali cha kuitoa bunduki Kenya na cha kuiingiza kule. Vyote viwili viwe mkononi kabla hujafika mpakani au uwanja wa ndege.
- Bajeti iliyogawanywa. Bunduki isile zaidi ya nusu. Nusu nyingine ni ya darubini, vishikizo vyake, risasi za kazi, na risasi nyingi zaidi za mazoezi.
- Risasi bandia kumi za kaliba unayofikiria, zisizo na baruti wala fataki (kiwashio cha nyuma ya ganda), za kujaribia bolti. Ongeza futi ya kupimia, tochi ndogo na kitambaa safi.

Kabla hujanunua chochote, fikiria kukodi. Kampuni nyingi za uwindaji wa kitalii hukodisha bunduki kwa mteja. Kama unakwenda safari moja tu, .375 ya kukodi iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko yako mpya uliyoipiga risasi sita. Anayenunua awe ni mtu atakayeipiga mara kwa mara uwanjani, hata miaka asiyokwenda porini.

Hatua ya 1: Andika mnyama, kisha andika sheria ya nchi

Nyati, tembo, simba, chui, kifaru na kiboko ni wanyama hatari, na sheria huwatenga na swala. Tanzania kiwango cha chini kwa wanyama hatari ni kaliba ya .375. Zimbabwe kwa nyati, tembo na kiboko wanataka kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nguvu isiyopungua jouli 5,300 mdomoni mwa mtutu. Namibia wanahesabu nguvu: jouli 5,400 kwa nyati na tembo, 2,700 kwa tandala, pofu na choroa.

Hapa ndipo wengi huteleza. 9.3x62, iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa makoloni ya Kijerumani Afrika, ni kaliba nzuri sana na teke lake, yaani msukumo wa bunduki begani, ni la kistaarabu. Kipenyo chake kinapita. Lakini risasi yake ya kawaida ya greni 286 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) kwa mwendo wa mita 720 kwa sekunde hutoa jouli 4,800 hivi. Umetimiza sharti moja, umeanguka la pili. Chukua kalamu, piga hesabu ya risasi utakayoitumia hasa, halafu muulize mwenyeji wako kwa maandishi kama inakubalika.

Bunduki inayojipakia yenyewe iondoe kwenye orodha yako. Kwa safari hizi italeta matatizo tangu mpakani.

Hatua ya 2: Ipime mwilini

Hakikisha bunduki haina kitu: fungua bolti, tazama chemba, ingiza kidole uipapase. Fanya hivyo kila unapoipokea kutoka mkononi mwa mtu, hata kama amekwisha kukuambia ni tupu.

Sasa simama, tazama alama ndogo ukutani, fumba macho, ipandishe bunduki begani kwa mwendo wa kawaida, shavu likae lilipojikuta. Fumbua macho. Unaona nini? Kama shanga ya kilengeo cha mbele imetulia ndani ya pengo la kilengeo cha nyuma, au picha ya darubini ni duara kamili isiyo na kivuli, bunduki imekukubali. Ukiona mgongo wa bolti tu, sehemu ya kitako linapokaa shavu iko chini mno. Ukiona mtutu mzima umelala mbele yako kama barabara, iko juu mno. Rudia mara kumi. Mara mbili za kwanza mwili hudanganya. Kuanzia ya tano husema kweli.

Urefu wa kitako, kutoka triga hadi mwisho wa mpira wa begani, kwa watu wengi huwa kati ya sentimita 34 na 36. Upime ukiwa umevaa koti au fulana utakayowindia. Kitako kifupi mno hukuletea kidole gumba puani na darubini kwenye nyusi. Kirefu mno hunasa nguo kwapani wakati wa kupandisha, na hapo nyati hangoji. Mpira wa kitako uwe na unene wa sentimita 2.5 hivi, na usiwe mgumu. Mpira wa zamani huwa umekauka kabisa, na kuubadilisha ni gharama ndogo.

Pima na jicho linalotawala. Nyoosha mikono, unda tundu dogo kwa viganja viwili, tazama kupitia hapo kitu kilicho mbali, kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo kitu kinabaki nacho ndilo linalotawala. Anayetumia bega la kulia huku jicho la kushoto ndilo linatawala atahangaika na vilengeo vya chuma miaka yote bila kujua kwa nini. Ajifunze bega la kushoto mapema na anunue bunduki yenye bolti upande wa kushoto, au akubali kufumba jicho.

Uzito: .375 pamoja na darubini iwe kilo 4 hadi 4.3. .416 iwe karibu kilo 4.5, na .470 ya mitutu miwili huelekea kilo 5. Wauzaji hupenda kusifia wepesi. Kwenye kaliba hizi bunduki nyepesi ni adhabu, maana uzito ndio unaomeza teke. Lakini usikubali pia gogo usiloweza kulibeba. Ishike mkononi nusu saa nzima dukani au nyumbani, si begani kwa mkanda, kwa sababu porini ukifuata nyayo za nyati itakuwa mkononi.

Hatua ya 3: Sasa kaliba

Anayenunua bunduki moja tu, anunue .375 H&H Magnum. Ilitolewa na Holland & Holland mwaka 1912. Kichwa cha greni 300 hutoka kwa mita 770 kwa sekunde hivi, nguvu ikiwa kama jouli 5,700. Inatosha nyati, inakubalika kisheria karibu kote, swala pala haharibiki nyama kupita kiasi, na risasi zake ni rahisi kupata kuliko za kaliba nyingine yoyote ya kundi hili. Teke lake ni karibu mara mbili ya la .30-06. Mtu wa kawaida hulizoea.

Anayetaka bunduki mbili: .30-06 au .300 Winchester Magnum kwa kongoni, nyumbu, pofu na jamaa zao, na .416 kwa nyati. .416 Rigby ya 1911 na .416 Remington Magnum hufanya kazi ile ile, kichwa cha greni 400 kwa mita 720 hadi 730 kwa sekunde. Tofauti ni kwamba Rigby ina ganda kubwa na shinikizo la chini, hivyo ganda halikwami kirahisi kwenye joto, ila inahitaji mtambo (sehemu inayobeba bolti na kupakia risasi) mkubwa na wa bei. Remington inaingia kwenye mtambo wa ukubwa wa .375.

.458 Winchester Magnum ilitoka 1956 na imeua tembo wengi, lakini risasi zake za miaka ya mwanzo zilikuwa na baruti iliyoshindiliwa hadi ikaganda, mwendo ukashuka, na sifa mbaya haikuiacha hadi leo. .458 Lott ya 1971 iliziba pengo hilo kwa ganda refu zaidi. Vichwa vya greni 500 hivi ni vya mwindaji bingwa anayesimama nyuma ya mteja na kumzuia mnyama anayekuja. Kwa mteja wa mara ya kwanza, teke la Lott litamfundisha kufumba macho kabla ya kuvuta triga, na somo hilo likishaingia ni kazi kulitoa.

*Onyo:* usinunue kaliba kubwa ili ifidie shabaha mbaya. Nyati aliyepigwa tumboni kwa .458 ni nyati aliyejeruhiwa, basi.

Hatua ya 4: Jaribu mtambo

Bolti au mitutu miwili? Mitutu miwili hukupa risasi mbili za haraka kuliko kitu chochote na huelekea shabaha yenyewe. Lakini hugharimu mara kadhaa ya bolti, na mitutu yake imepatanishwa kiwandani ikutane kwa aina moja ya risasi, mara nyingi kwa mita 50 hivi. Ukibadilisha risasi, mtutu wa kulia na wa kushoto hupiga mahali tofauti. Anayeanza achukue bolti. Ni ushauri tunaoutoa bila kusitasita.

Kwenye bolti kuna aina mbili. Ya kwanza ni ya nasaba ya Mauser 98: ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti huikamata risasi kwenye ukingo wa ganda mara tu inapoinuka kutoka magazini, ikaishika hadi chemba na kuitoa tena. Ya pili huisukuma risasi tu, na kishikio kidogo hukamata ganda bolti inapofungwa. Zote hufanya kazi. Tatizo la aina ya pili hutokea mtu anapobabaika: anasukuma risasi nusu, anarudisha bolti, risasi ya kwanza imebaki chemba haijashikwa, ya pili inaigonga mgongoni, na bunduki imekwama kabisa. Aina ya ukucha haikuachi katika hali hiyo kwa urahisi. Kwa wanyama hatari chagua ukucha: Winchester Model 70 yenye ukucha, Ruger Hawkeye, CZ 550 za mkono wa pili, Mauser na Rigby kwa mwenye uwezo.

Jaribio lenyewe ni hili. Jaza magazini kwa risasi bandia. Bunduki ikiwa begani, mdomo ukielekea upande salama, zungusha bolti polepole hadi magazini iishe. Jaza tena, fanya kwa kasi na nguvu zako zote. Jaza tena, ilaze bunduki ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha juu chini. Risasi ikidondoka, ikidunda kwenye mlango wa chemba au ikisimama wima, umepata kasoro. Nyingine fundi hurekebisha kwa kupinda midomo ya magazini au kulainisha njia ya kuingilia. Kama muuzaji hakubali ifanywe kabla ya kulipwa, mwachie bunduki yake.

Tazama pia:

- Loki ya usalama. Bora ni ile ya nafasi tatu, inayoshika sindano ya kupigia. Iwashe, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha izime. Bunduki ikifyatuka yenyewe unapoizima, irudishe palepale.
- Kifuniko cha chini cha magazini. Kigonge kwa kiganja. Kikifunguka sasa kitafunguka kwa teke, na risasi zote zitamwagika miguuni.
- Triga. Uzito wa kilo 1.5 hadi 2, isiyokwaruza. Nyepesi zaidi ya hapo ni hatari kwa vidole vilivyojaa woga.

*Onyo:* mitambo mingi ya ukucha haipendi risasi iliyotupwa moja kwa moja chemba na kufungiwa bolti. Ukucha unalazimishwa kuruka juu ya ukingo wa ganda na siku moja unavunjika. Pitisha kila risasi magazini.

Hatua ya 5: Risasi

Laini hupanuka, ngumu hupenya bila kupanuka. Kwa tembo na kiboko wa nchi kavu, ngumu. Kwa simba na chui, laini. Kwa nyati utaratibu unaotumika sana ni laini ya kwanza na ngumu zinazofuata, kwa sababu za pili na za tatu hupigwa mnyama akiwa anakupa makalio. Usipige ngumu nyati akiwa ndani ya kundi. Hupita na kumjeruhi wa nyuma.

Laini iwe ya muundo imara: ya shaba tupu kama Barnes TSX, au yenye risasi nyeusi (ile metali laini na nzito) iliyounganishwa na koti lake la nje kama Swift A-Frame. Laini za kawaida za swala hupasuka vipande kwenye bega la nyati kabla ya kufika moyoni. Tafuta laini na ngumu zinazopiga karibu mahali pamoja kwa mita 50 kwenye bunduki *yako*. Boksi halikuambii hilo, ni karatasi ya shabaha tu inayokuambia.

Mashirika ya ndege huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, kwenye mzigo unaopakiwa chini. Risasi 40 za .375 hazifiki nusu ya hapo, nazo zinatosha safari nzima.

Hatua ya 6: Vilengeo na darubini

Nyati wengi hupigwa chini ya mita 100, tena kwenye vichaka. Darubini ya ukuzaji wa 1 hadi 4, au 1.5 hadi 5, ndiyo saizi. Ukuzaji mkubwa ukiwa karibu unakupa ukuta wa manyoya meusi usiojua bega liko wapi. Nafasi kati ya jicho na kioo isipungue sentimita 9.

Vishikizo viwe vya kufungua kwa mkono, ili ukiingia kichakani kumfuata aliyejeruhiwa uing'oe darubini na kutumia vilengeo vya chuma. Kwa hiyo vilengeo hivyo lazima viwepo, vimefungwa imara, na vimekwisha kupigwa ziro (kurekebishwa hadi risasi igonge unapolenga) kwa mita 50. Ving'oe na kuvirudisha vishikizo mara tatu uwanjani, ukipiga risasi moja kila mara. Zikitawanyika zaidi ya sentimita 5 kwa mita 100, vishikizo ni vibovu, hata kama ni vya bei.

Kipunguza teke cha mdomoni mwa mtutu kiache. Kinapunguza teke kweli, lakini kelele yake huumiza masikio ya mfuatiliaji nyayo aliyesimama pembeni yako, na wawindaji bingwa wengi hawataki kukiona.

Hatua ya 7: Kama unanunua ya mkono wa pili

Nairobi bado zipo bunduki za kabla ya 1977 kwenye makabati ya familia, na baadhi ni kazi nzuri ajabu. Hoja ya kwanza ni risasi: .318 ya babu inapendeza, lakini utapata wapi boksi? .375, .416 Rigby na .404 Jeffery bado hutengenezewa risasi.

Toa bolti, mulika mtutu kwa tochi kutoka nyuma. Fataki za zamani ziliacha chumvi inayokula chuma, na kutu hiyo huanza mbele kidogo ya chemba. Ukiona vishimo vyeusi hapo, ondoa pesa nyingi kwenye bei au ondoka. Papasa mdomo wa mtutu kwa ukucha wa kidole: ukingo uwe sawa pande zote. Geuza kitako kwenye mwanga, tazama nyuma ya mkia wa mtambo na pembeni mwa magazini. Ufa mwembamba hapo unamaanisha mtambo haukulala vizuri kwenye mti na teke limeanza kuupasua. Fundi bunduki aipime nafasi ya kichwa cha ganda kwa vipimo vyake viwili, cha kufunga na cha kutofunga, kabla hujaipiga risasi hata moja.

Kwa mitutu miwili kuna jaribio la kale. Vua mti wa mbele, ondoa mitutu, itundike kwa ndoano yake kwenye kidole, igonge kwa ukucha. Mitutu mizima hulia sauti ndefu, safi. Ikitoa sauti fupi iliyokufa au ya kutetemeka, ungio kati ya mitutu limeachia mahali. Kisha irudishe bila mti wa mbele, funga, itikise. Isichezecheze hata kidogo, wala mwanga usipite kati ya mitutu na uso wa mtambo.

Hatua ya 8: Ziro na mazoezi kabla ya safari

Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, uko karibu. Fuata utaratibu wao na masharti ya cheti chako. Piga ziro ya .375 kwa mita 100. Kwa mita 200 kichwa cha greni 300 kitakuwa kimeshuka sentimita 15 hivi, zaidi kama pua ni ya mviringo. Kumbuka hilo kwa ajili ya swala. Nyati usimpige mbali hivyo.

Ukishapata ziro, ondoka mezani. Meza huongeza teke kwa sababu mwili hauwezi kuyumba nalo, na porini hakuna meza. Piga kutoka kwenye vijiti vitatu vya kuegemezea bunduki kwa mita 50 na 80, kisha bila egemeo kwa mita 25. Kila risasi ifuatwe na mzunguko wa bolti bunduki ikiwa bado begani, hata kama ya kwanza imepiga katikati. Risasi 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Baada ya hapo unajifunza kushtuka. Siku nyingine tumia .22 kwa vijiti vile vile.

Matatizo na tiba yake

*Risasi zinapiga chini kushoto, na zamani hazikuwa hivyo.* Kwa anayepiga bega la kulia, kwanza shuku kushtuka. Mwambie mwenzio akupakie, akichanganya risasi bandia bila wewe kujua. Mdomo wa bunduki ukichota chini kwenye ile bandia, jibu umelipata. Rudi kwenye .22 wiki mbili. Kama mdomo umetulia, kagua skrubu za vishikizo, kisha skrubu za mtambo.

*Bolti inarudi, lakini risasi mpya haiingii.* Huirudishi hadi mwisho. Hutokea sana kwa waliozoea bunduki fupi ya .30-06, maana mtambo wa .375 ni mrefu zaidi. Irudishe kwa nguvu hadi igonge.

*Bolti nzito kuinua baada ya kupiga.* Risasi zililala kwenye dashibodi juani, au chemba ina mafuta au mchanga. Kausha chemba, weka risasi kivulini. Ikiendelea kwa risasi za baridi, acha kuzitumia.

*Risasi ya kwanza ya asubuhi inakwenda kando.* Mafuta kwenye mtutu. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kutoka kambini.

*Darubini imekupasua nyusi.* Kitako kifupi, au darubini imesogezwa nyuma mno, au ulipiga ukiwa umelala ukielekea juu. Isogeze mbele sentimita moja moja hadi picha ijae shingo ikiwa imenyooka.

*Vichwa vya risasi vilivyobaki magazini vimepondeka pua.* Teke linazigongesha kwenye ukuta wa mbele. Laini zenye pua ya risasi nyeusi huathirika zaidi. Zizungushe: kila jioni iliyokuwa juu iende chini. Pia pima kama risasi imerudi ndani ya ganda. Ikiwa imezama, itupe kando, usiipige.

*Mvua.* Kipande cha utepe wa umeme juu ya mdomo wa mtutu huzuia maji na matope, nawe unapiga nacho hivyo hivyo. Baki na utepe mfukoni, wa kuweka kingine.